Mnyama wa Nyumbani na Manyoya Yake

Nyumba haisumbuliwi na mambo makubwa peke yake. Paa likivuja, wote waliomo huinua macho wakaona, na fundi huitwa siku ile ile. Lakini kuna jambo jepesi kuliko jani kavu, lisilo na sauti wala uzito, ambalo huweza kugombanisha mume na mke, mama na mtoto, mwenyeji na mgeni wake. Jambo hilo ni unyoya wa paka au wa mbwa. Ukiwa mweupe huchagua kiti cheusi. Ukiwa mweusi huchagua shuka nyeupe. Huelea juu ya chai ya mgeni mheshimiwa wakati ule ule mwenye nyumba anapokwisha kusema, "Karibu, jisikie uko kwako."

Msomaji aweza kucheka akaona kwamba neno hili ni dogo mno kuandikiwa insha. Acheke kwanza, kisha afikiri. Swali la kuondoa manyoya nyumbani huonekana kuwa la ufagio na kitambaa tu, lakini chini yake pana swali jingine ambalo halifagiliki. Mtu akimwingiza kiumbe mwingine katika nyumba yake, amemkubali kwa kiasi gani? Amekubali macho yake na mlio wake, au amekubali na mate, kucha, harufu na manyoya? Na taabu izaliwayo na kukubali huko, ni haki ikae juu ya mabega ya nani?

Zamani, katika sehemu nyingi za nchi yetu, swali hili halikuulizwa sana kwa sababu mlango ulikuwa umekwisha kulijibu. Mbwa alilala nje, penye zizi au chini ya ghala, akalinda mifugo na mali. Akipukutisha manyoya, upepo uliyachukua na kuku waliyakanyaga. Paka aliruhusiwa jikoni kwa ajili ya panya, akalala karibu na mafiga jivu likiwa bado vuguvugu, wala hapana aliyemtengea kiti. Kila mmoja alikuwa na kazi yake na mpaka wake. Leo, katika nyumba za ghorofa za Nairobi, Mombasa na Kisumu, wako watu wanaoishi na mbwa au paka ambaye hana kundi la kulinda wala panya wa kukamata. Kazi yake ni uenzi tu. Hana ua wa kutokea, kwa hiyo kila unyoya unaomtoka huangukia zulia, mto, pazia, au suruali iliyopigwa pasi tayari kwa kesho. Sisemi kwamba desturi ya zamani ilikuwa na huruma zaidi. Mbwa wengi wa nje waliyajua mateke kuliko mifupa, na wako wanaoyajua hata sasa. Nasema tu kwamba mnyama alipovuka kizingiti aliingia chini ya sheria za nyumba, na sheria hizo hakuzitunga yeye.

Safari yake ya kukifikia kizingiti hicho ni ndefu. Mwaka 2004 wataalamu wa mambo ya kale walitangaza habari za kaburi lililofukuliwa katika kisiwa cha Kupro, lenye umri upatao miaka 9,500, ambamo paka alizikwa karibu sana na mtu. Watu walipoanza kuhifadhi nafaka, panya walizifuata nafaka, na paka waliwafuata panya. Hapana aliyetuma mjumbe kwenda kumwita paka. Alikuja mwenyewe kwa faida yake, akakaribishwa kwa faida yetu. Mapatano hayo ya kale hayakutaja manyoya hata kidogo, pengine kwa sababu sakafu zilikuwa za udongo.

Yafaa pia kujua kwamba unyoya hauanguki kwa ukaidi. Kila unyoya una maisha yake: huota, hurefuka, hupumzika, kisha hulegea katika shina lake ukaanguka ili mwingine uote. Ndivyo zilivyo hata nywele zetu. Kichwa cha mtu huwa na nywele zipatazo 100,000, nacho hupoteza kati ya 50 na 100 kila siku, wala hapana aitwaye mchafu kwa sababu hiyo. Katika nchi zenye majira ya baridi kali na ya joto, wanyama hubadili vazi lao kwa kufuata urefu wa mchana, wakapukutisha manyoya mengi zaidi majira yanapogeuka. Kwetu sisi karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, mfugaji hana majira makubwa ya kuyangojea yapite. Manyoya humwangukia kidogo kidogo, leo na kesho, mwezi hata mwezi.

Tena paka, tunayemwita mleta uchafu, ni mmoja wa viumbe wanaoupenda usafi sana. Hutumia karibu robo ya saa zake za kuwa macho kwa kujilamba. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Marekani, Alexis Noel na David Hu, walieleza kwamba vijimiba vya ulimi wa paka vina ncha zenye mfereji mfano wa kijiko kidogo, ambazo hubeba mate na kuyafikisha mpaka ngozini. Yamkini unyoya anaouacha juu ya kiti umeoshwa mara nyingi zaidi kuliko kiti chenyewe.

Kama ni hivyo, chuki yetu yatoka wapi? Tuzitazame tena nywele za kichwa. Zikiwa mahali pake hutiwa mafuta, husukwa, hupambwa, na vijana huzitungia nyimbo. Ukianguka mmoja katika sahani ya wali, yule yule aliyekuwa akizisifu huisukuma sahani. Unywele haukubadilika; palipobadilika ni mahali. Mwanachuoni mmoja wa Uingereza, Bibi Mary Douglas, aliyepata kukaa na Walele wa Kasai katika Kongo, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1966 kwamba uchafu ni kitu kilicho nje ya mahali pake. Udongo shambani ni riziki, na udongo ule ule kitandani ni aibu. Kiatu kikiwa mlangoni ni kiatu, kikipanda juu ya meza ya chakula ni tusi. Mtu anayemkaripia mtoto kwa sababu ya manyoya juu ya mkeka huwa anatetea mpangilio wa nyumba kuliko anavyoutetea mkeka: hapa pa kulia, hapa pa kulala, hapa pa kusali, na hapa pa mnyama. Paka haijui ramani hiyo. Yeye hujua mahali pa joto na mahali pa baridi tu.

Watu wa pwani yetu wamelitafakari jambo hili kwa karne nyingi, kwa maana Mwislamu huhitaji mwili, nguo na mahali pa kusalia viwe tohara, na paka hukatiza popote. Imepokewa katika hadithi kwamba Abu Qatada, sahaba wa Mtume, aliinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe. Mke wa mwanawe, Kabsha, aliyekuwa akimmiminia maji hayo, alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume alisema paka si najisi, kwa kuwa ni katika wale wanaotuzunguka majumbani. Sababu hiyo yastahili kuangaliwa kwa makini. Haikusemwa kwamba paka ni safi kwa kuwa hana mate wala manyoya. Ilitajwa kuwa yumo miongoni mwetu, na aliye miongoni mwetu hawezi kuhesabiwa kwa hesabu ya mgeni.

Hata hivyo, wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, walitofautisha paka na unyoya wake. Paka aliye hai ni tohara. Lakini unyoya uliokwisha kutengana na mnyama asiyeliwa huhesabiwa kuwa najisi, ila ukiwa kidogo husamehewa. Na mtu ambaye shughuli yake humkutanisha na manyoya kila siku, kama mpanda punda, husamehewa zaidi. Juu ya mbwa madhehebu hayo ni makali kuliko hivyo: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Msomaji asiye Mwislamu naye aweza kuiona busara iliyomo katika hukumu ya unyoya. Sheria haikumdanganya mtu kwamba manyoya si kitu, wala haikumtwika kazi isiyowezekana. Mtu wa Lamu, ambako punda na paka wamejaa vichochoroni, angeamriwa asiguswe na unyoya hata mmoja, angekaa kisimani umri wake wote.

Lakini mahali si habari yote. Uko unyoya unaochukiza macho tu, na uko unaodhuru mwili, na asiyetenganisha hizo mbili huweza kukosea pande zote: akamfukuza mnyama asiye na hatia, au akamwacha mtoto augue kwa kuona haya kumhamisha mnyama.

Wengi hudhani kwamba unyoya wenyewe ndio unaowapigisha chafya. Sivyo. Kinachowadhuru zaidi wenye mzio wa paka ni protini iliyomo katika mate na katika mafuta ya ngozi yake. Paka ajilambapo huipaka juu ya manyoya. Ikikauka hushikamana na unga mwembamba wa ngozi, ikaruka hewani na kukaa humo kwa muda mrefu. Unyoya ni mashua, na protini ni abiria. Kwa watu wengi abiria huyo hana neno. Kwa mwenye mzio huleta chafya, macho mekundu na mafua yasiyokwisha, na kwa mtoto mwenye pumu huweza kumwamsha usiku wa manane akaketi kitandani, mabega yamepanda, akitafuta pumzi kama mtu atafutaye shilingi gizani. Aliyeona usiku wa namna hiyo hawezi tena kusema kwamba manyoya ni jambo dogo.

Wako abiria wengine. Choa huweza kuchukuliwa na unyoya ulioanguka, na watoto wanaolala na kitoto cha paka hukipata kichwani na shingoni. Na katika nchi ya Turkana, kaskazini-magharibi ya Kenya, ulikuwapo katika miaka ya 1980 ugonjwa mmoja wa minyoo ulioenea kuliko karibu mahali pote palipochunguzwa duniani. Mnyoo wenyewe ni tegu mdogo sana akaaye katika utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi, hunata katika manyoya, na mtu amshikaye mbwa kisha akala bila kunawa huyameza. Ndani ya mwili huota vimbe vyenye maji, katika ini au katika mapafu, vikakua polepole kwa miaka mpaka ahitajiwe daktari wa kupasua. Mbwa wa Turkana alikuwa karibu sana na watu. Alilinda mifugo, alilala palipolala watu, alilamba vyombo, na hata watoto wachanga alilambishwa awasafishe, mahali ambapo maji ni haba na mama hana jingine la kufanya. Waliokwenda kupigana na ugonjwa huo waliwapa mbwa dawa ya minyoo, waliwapunguza wasio na wenyewe, waliwapasua wagonjwa, na waliwafundisha watu wasiwatupie mbwa matumbo ya mifugo yenye vimbe. Hatuna haki ya kukaa mbali, penye bomba la maji, tukamcheka mama yule. Twaweza tu kujifunza kwamba mahali pengine usafi wa mbwa ni uhai wa mtoto.

Basi kazi ifanywe. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na methali hii kwa leo haihitaji tafsiri, maana mvunguni ndiko manyoya yanakokutana kwa baraza. Ufagio mkavu huyarusha. Huinuka, huzunguka chumba, kisha hurudi kukaa pale pale baada ya mfagiaji kujisifu. Kitambaa chenye unyevu huyanasa. Glavu ya mpira iliyoloweshwa kidogo, ikipitishwa juu ya kiti cha kitambaa kwa upande mmoja, huyakusanya yakawa bonge ambalo mtu huliokota kwa vidole viwili. Shuka na foronya zioshwe kwa maji ya moto. Chumba cha kulala cha mwenye pumu kifungwe mlango, na mnyama azoezwe kwamba mlango ule si wake, jambo ambalo paka hulikubali baada ya manung'uniko ya siku kadhaa.

Lakini ufagio huja nyuma daima. Kazi iliyo bora huutangulia, nayo ni kumchana mnyama nje ya nyumba, kila siku kama manyoya yake ni marefu, kila baada ya siku chache kama ni mafupi. Unyoya ulionaswa katika kitana hautafutwi tena zuliani. Na hapa naona jambo zuri ambalo sikulitia mimi katika hoja. Limo ndani ya kazi yenyewe. Anayemchana mbwa kwa ajili ya kiti chake huona kupe aliyejificha nyuma ya sikio. Huona jeraha, uvimbe, au upara mdogo ambao jana haukuwapo, na upara huo huwa ishara ya ugonjwa au ya chakula kibaya, si ya manyoya kupukutika tu. Alianza kwa kujipenda, akafika kwenye kumtunza mwenzake kabla hajajua. Ndege wa karibu nao hufaidika, maana wengi wao huyaokota manyoya yaliyotupwa wakatandikia viota, ingawa mnyama aliyetiwa dawa ya viroboto manyoya yake hayafai kuachiwa ndege.

Sasa tufikie sehemu iliyo nzito kuliko zote, nayo ni mkono unaoshika ufagio. Katika nyumba nyingi za mjini, ampendaye mbwa si afagiaye. Mtoto alimsihi baba, baba akaridhika, mbwa akaja katika kikapu akiwa na utepe shingoni, na picha zikapigwa. Miezi mitatu baadaye mtoto yuko shuleni, baba yuko kazini, na aliyepiga magoti chini ya meza akiokota manyoya ni mtumishi wa nyumba, ambaye hakuulizwa neno. Wewe usomaye, huenda ndiwe uliyesihi. Huenda hata sasa wamwita mbwa yule "wangu". Ni wako kwa saa ngapi katika siku?

Jibu la haraka ni kwamba mtumishi analipwa. Jibu hilo lingekuwa na nguvu lau mshahara ungeongezwa siku mbwa alipofika. Aghalabu hauongezwi. Mtu aliajiriwa kupika, kufua na kulea. Kisha kazi ya nne ikaingia mlangoni kwa miguu minne, na mapatano yakabaki yale yale. Tena huenda mtumishi huyo ana kifua kibovu, naye anaficha kikohozi chake asije akaambiwa hafai. Huenda ni Mwislamu ambaye akilambwa na mbwa mkononi hana budi kujitoharisha kabla ya sala, na hapana aliyefikiri kumwuliza. Huenda pia, na hili halisemwi sana, hupima kila siku nyama iliyomo katika sahani ya mbwa, akakumbuka sahani za kwao. Sioni kwamba dawa ni kumnyima mbwa nyama. Mbwa hakumwonea mtu. Naona kwamba mapenzi ambayo starehe yake ni ya mmoja na taabu yake ni ya mwingine hayajawa mapenzi bado. Ni anasa iliyovaa jina zuri. Anayetaka kumwita mnyama wake ashike kitana mwenyewe, walau Jumamosi na Jumapili, na siku zilizobaki wapatane na afagiaye kwa maneno ya wazi na kwa fedha.

Wako wanaotaka njia ya mkato: wampate mnyama, wasiyapate manyoya. Wengine humnyoa paka mpaka ngozini, wasijue kwamba manyoya yale humkinga na jua kama yamkingavyo na baridi. Mwaka 1966, mjini Toronto katika Kanada, alizaliwa kitoto cha paka asiye na manyoya kwa bahati ya maumbile, na tangu siku hizo wafugaji wamejitahidi kuzalisha paka wa namna hiyo, ambao leo huitwa Sphynx. Ni paka wapole, nao huuzwa kwa bei kubwa. Lakini mafuta ya ngozi yao, yasiyo na manyoya ya kuyapokea, hubaki mwilini na kupaka viti, kwa hiyo hawana budi kuogeshwa mara kwa mara. Huhisi baridi upesi, huungua juani, na ile protini iletayo mzio wanayo vile vile. Mashua imeondolewa, abiria amebaki. Wajapani nao, katika kampuni ya Sony, waliuza mwaka 1999 mbwa wa mashine aitwaye AIBO, ambaye hutikisa mkia, humfuata mtu, wala hapukutishi kitu. Simlaumu mzee mpweke anayefarijiwa na mashine hiyo. Lakini naona tofauti kati ya anayenunua mashine akijua kuwa ni mashine, na anayemtaka kiumbe hai kwa sharti la kutokuwa hai. Ukipenda boga, penda na ua lake. Huyu wa pili ataka boga lisilowahi kuwa na ua, wala shina, wala shamba.

Kwa watu wa namna hiyo mwisho huwa gunia. Paka hutiwa ndani usiku, gunia hufungwa, na huachiliwa penye soko la samaki au ng'ambo ya mto, na mwenye nyumba hurudi akifuta mikono. Hujiambia kwamba pale pana vichwa vya samaki tele. Hasemi kwamba pale pana paka wengine wenye mipaka yao na mbwa wenye njaa, na kwamba paka aliyelala juu ya mto miaka minne hajui kupigania kichwa cha samaki. Wazee wetu walisema, "Paka wa nyumba haingwa." Kuinga ni kufukuza, kama waingavyo watoto ndege shambani; nao waliona kwamba aliyekwisha kuwa wa nyumbani hafukuzwi kama ndege. Hadithi nyingine mashuhuri yasimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia mpaka akafa, asimlishe wala asimwache huru ajitafutie. Mwanamke yule alifunga mlango, mwenye gunia huufungua, lakini wote wawili walimfanya kiumbe awategemee kisha wakaiondoa tegemeo hiyo. Sheria za Kenya nazo, katika Sura ya 360, hukataza kumtesa mnyama, ingawa gunia la usiku mara chache hufika mahakamani.

Linabaki jambo gumu, ambalo sitaki kulipita kwa maneno mazuri. Mtoto ana pumu, daktari amepima akaona kwamba paka ndiye amchocheaye, mlango wa chumba umefungwa, shuka zimeoshwa, paka amechanwa, na bado mtoto hapati pumzi usiku. Hapo paka sharti aondoke. Methali ya paka wa nyumba haikuwekwa ili mtoto wa nyumba azibwe kifua. Lakini kuondoka kuna namna nyingi, na kutafuta nyumba nyingine yenye mtu ajulikanaye, kumpeleka huko mchana badala ya usiku, pamoja na chombo chake na tambara alilolizoea, huchukua siku tano au sita za taabu ambazo gunia halizitaki. Na mzazi asitazamie kwamba mtoto atapona paka akivuka kizingiti. Ile protini hubaki katika mazulia, mapazia na magodoro kwa miezi kadhaa baada ya mwenyewe kwenda zake. Kwa hiyo kuosha na kufuta huendelea kama vile paka bado yupo.

Katika miezi hiyo mtoto huuliza. Huambiwa mara nyingi kwamba paka ametoroka, au kwamba amepelekwa shamba ambalo halina jina. Hafai kuambiwa hivyo. Aambiwe ni nyumba ya nani, na ni barabara ipi, na kwamba jioni hupewa dagaa kama alivyozoea. Siku kifua chake kikiwa shwari, na daktari akiridhia, apelekwe kumwona huko uani penye hewa, na arudipo abadili nguo na kunawa kabla ya kuingia chumbani mwake kulala.